Kabla ya kupunguza maegesho, simamisha ukingo

Katikati ya Kampala, hasa kule chini kati ya Ben Kiwanuka Street na soko la jumla la Kikuubo, maegesho yalishapunguzwa zamani bila kanuni yoyote kubadilishwa. Jengo lilichorwa likiwa na besimenti ya magari, ramani ikapitishwa, na baada ya muda besimenti ikagawanywa kwa plaiwudi ikawa maduka ya viatu na stoo za nguo. Magari yaliyotakiwa kulala mle yalipanda juu ya njia ya miguu, na mwenda kwa miguu akashuka kwenye lami.

Ndiyo maana sisi tunaochora na kusimamia barabara za mijini tunauanza mjadala wa maegesho kutokea nje ya jengo. Kupunguza idadi ya nafasi za maegesho ambazo kanuni inalidai kila jengo jipya ni jambo jema na tunaliunga mkono kwa moyo wote. Lakini anayetembea analindwa na zile mita tatu hivi za kwanza kutoka ukutani. Zikiwa na ukingo wa kweli, yaani mawe yaliyoinuliwa kati ya njia ya miguu na lami, upana wa kutosha na kitu cha kulizuia gari, kanuni inaweza kulegezwa hata kesho. Zikiwa wazi, kila nafasi iliyofutwa ndani ya kiwanja itarudi nje na kukaa mahali pa watu. Uganda ilipoteza zaidi ya watu 5,000 barabarani mwaka 2024 kwa hesabu za polisi, na waliokuwa wakitembea kwa miguu ni sehemu kubwa yao. Hakuna nafasi ya kulifanya jambo hili kwa kubahatisha.

Hesabu ya mwenye jengo inaeleweka. Gari moja linataka mita 2.5 kwa 5. Ukiongeza njia ya kugeuzia na rampu, linakula mita za mraba 25 hadi 30. Eneo hilohilo linatoa maduka manne ya mita 2 kwa 3, yenye kodi kila mwezi. Kanuni inayodai kitu ambacho soko linakikataa kwa nguvu kiasi hicho huishia kuzalisha ramani za uongo, na afadhali kanuni iseme ukweli. Mexico City ilifuta kima cha chini cha maegesho mwaka 2017 na kuweka kima cha juu badala yake. New Zealand, kwa sera yake ya taifa ya mwaka 2020, iliiagiza miji yake kuondoa masharti hayo. Anayetaka kuiga akumbuke tu kwamba kule Auckland gari lililopandishwa juu ya njia ya miguu huandikiwa faini. Kwetu mara nyingi hulindwa na askari wa dukani anayelipwa kulitazama.

Tuanze na njia ya miguu yenyewe. Tunaichora kwa vipande vitatu sambamba. Cha kwanza kinagusa ukuta, nusu mita, kwa sababu watu husimama kutazama bidhaa na milango hufunguka nje. Cha pili ni cha kupita, mita 2 zisizoguswa na kitu chochote; mita 1.8 ndipo viti viwili vya magurudumu vinapopishana, na sentimita 20 zinazobaki ni za mzigo ulio kichwani. Kwenye mitaa ya soko kipande hiki kinahitaji mita 3 na zaidi. Cha tatu kiko upande wa barabara, sentimita 80 hadi mita 1, na humo ndimo vinapokaa nguzo ya umeme, mti, taa, pipa la taka, meza ya muuza airtime na jiko la rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. Mchuuzi akipewa kipande chake kilichochorwa, hana sababu ya kukaa katikati. Asipopewa, atakaa palipo na watu, na watu wako katikati.

Kosa la kwanza la ujenzi ni kimo cha ukingo. Mkandarasi akihofia magari kupanda hunyanyua mawe ya ukingo hadi milimita 200 au 250, akiamini anawasaidia watembeao. Mtazame mama mwenye mtoto mgongoni na beseni la ndizi kichwani akifika hapo: goti halipandi, mkono mmoja umeshika beseni, hana pa kujishikiza. Anabaki kwenye lami hadi mwisho wa mtaa. Kimo sahihi ni milimita 100 hadi 150. Gari likitaka, litaupanda ukingo wa milimita 150. Hilo ndilo linalofanya ukingo peke yake usitoshe, na kulitatua kwa kuongeza kimo ni kumhamisha mtu badala ya gari. Kila kona na kila kivuko kiwe na mteremko wa 1 kwa 12: ukingo wa milimita 120 unataka rampu ya karibu mita moja na nusu. Pale rampu inapokutana na lami pasiwe na ngazi hata ya sentimita mbili, kwani gurudumu dogo la mbele la kiti hukwama hapo na mtu huanguka kifudifudi.

Kosa la pili limefichika chini. Tofali za pevingi zenye unene wa milimita 60 zinatosha kwa miguu, juu ya mchanga wa milimita 30 na tabaka la kokoto lililoshindiliwa. Gari likiegeshwa juu yake kila siku, tairi za mbele huchimba mashimo mawili, mvua hutuama, mchanga huoshwa, na baada ya msimu mmoja njia ina mawimbi. Watu huyakwepa kwa kurudi barabarani. Palipochorwa gari kupita, kama mbele ya geti, weka tofali za milimita 80 na tabaka nene zaidi. Kwingine kote lizuie gari lisifike.

Kizuizi chetu cha kawaida ni nguzo fupi: bomba la chuma la kipenyo cha milimita 100 hivi, limejazwa zege, mita moja juu ya ardhi na nusu mita chini, ndani ya msingi wa zege. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ni mita 1.2. Gari dogo kama Vitz lina upana wa karibu mita 1.7, haliwezi kupenya. Kiti cha magurudumu kinapita bila kugusa. Nguzo zikae sentimita 30 hadi 45 nyuma ya uso wa ukingo, zisigongwe na milango wala vioo vya magari. Zile za zege tupu zinazomwagwa kiwandani na kuchomekwa sentimita 20 tu hung'olewa na lori la kwanza linalorudi nyuma, na ikianguka moja tu katika mstari, magari kumi hupitia tundu hilo.

Bodaboda ni suala jingine. Usukani wake hauzidi sentimita 80, kwa hiyo hakuna nguzo inayomruhusu mwenye kiti cha magurudumu na kumzuia boda. Wapo wanaoweka vyuma vya kupishana ili boda ashindwe kukata kona. Tumeona vinavyowafungia nje walemavu na akina mama wenye mikokoteni ya watoto, huku boda akiinua gurudumu na kupita. Kinachosaidia ni kuangalia kwa nini anapanda. Mara nyingi barabara ni ya njia moja na anayekwenda kinyume anafupisha safari, au foleni imeziba kwa sababu magari yameegeshwa mistari miwili. Ondoa mstari wa pili wa magari, na boda wengi hurudi kwenye lami wenyewe.

Sasa vivuko, na hapa ndipo maegesho yaliyopunguzwa yanapoweza kuokoa watu wengi zaidi. Chukua mtaa wa kawaida wenye lami ya mita 12: maegesho ya mita 2.25 kila upande na njia mbili za mita 3.75. Mtu mzima mwenye haraka hutembea mita 1.2 kwa sekunde, hivyo anahitaji sekunde 10 kuvuka. Gari la kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 139 kwa sekunde hizo, na huo ndio mwanya anaopaswa kuusubiri ikiwa dereva hapunguzi. Mwanya wa mita 139 haupo Kampala mchana. Kwa hiyo anavuka kwenye mwanya mfupi zaidi, anasimama katikati ya njia mbili, na hapo ndipo anapogongwa.

Futa nafasi mbili za maegesho kila upande wa kivuko, kisha usogeze ukingo mita 2 ndani ya barabara pande zote. Umbali unashuka hadi mita 8, karibu sekunde 7. Ukimshusha dereva hadi kilomita 30, mwanya unaohitajika ni mita 56 hivi. Ni mtaa uleule, lakini kazi ya kuvuka imepungua zaidi ya nusu. Bibi anayetembea mita 0.9 kwa sekunde anapata nafuu kubwa zaidi, kwa sababu kila mita iliyokatwa inamwondolea zaidi ya sekunde moja mbele ya magari.

Faida nyingine ya zile nafasi zilizofutwa ni kuonekana. Teksi yetu, yaani basi dogo la abiria 14, ina kimo cha karibu mita 2. Ikisimama mita mbili kabla ya kivuko, mtoto wa shule mwenye kimo cha mita 1.1 hutokea mbele ya dereva wa nyuma yake ghafla. Kwa kilomita 30, gari linahitaji takriban mita 13 tangu dereva aone hadi lisimame, lami ikiwa kavu. Kwa kilomita 50 ni kama mita 28. Kwa hiyo tunaacha mita 10 tupu kabla ya kila kivuko, zisizopungua 6 hata mtaa ukiwa na njaa ya nafasi. Mji wa Hoboken, New Jersey, umefanya hivi kona baada ya kona na ulikaa miaka kadhaa kuanzia 2017 bila mtu kufa barabarani. Kwetu rangi peke yake haitoshi. Mita 10 zilizochorwa mistari ya njano zitajaa kabla ya rangi kukauka. Zinatakiwa ukingo uliosogezwa, au nguzo, au mtungi mzito wa maua uliojaa udongo, mfupi usiozidi sentimita 60 ili usimfiche mtoto.

Kituo cha teksi kiwekwe baada ya kivuko, mita 10 au zaidi mbele. Kikiwa kabla, abiria anayeshuka huvuka mbele ya teksi iliyomshusha, na dereva anayeipita teksi hiyo hamwoni. Sisi huku tunaendesha upande wa kushoto, hivyo mtu anayekanyaga barabara hupata hatari ya kwanza kutoka kulia kwake, kutoka nyuma ya hiyohiyo teksi. Kati ya mambo yote tunayopendekeza, hili la kuhamisha kituo ndilo la bei ndogo kuliko yote na ndilo linalopingwa zaidi, kwa sababu abiria huzoea mahali na chama cha madereva hulinda mahali. Kaa nao kabla ya mchoro kukamilika. Wape paa, benchi na lami iliyopanuliwa kule mbele, uone wanavyohama.

Stegi ya boda, yaani kituo chao cha kusubiri abiria, nayo inapata nafasi kwa urahisi. Nafasi moja ya gari lililoegeshwa sambamba, mita 6 kwa 2.2, inapokea boda sita zikikaa kwa upana wa mita moja moja. Ziweke upande wa baada ya kivuko, ambako hazimfichi anayevuka mbele ya dereva wa njia ya karibu.

Kona zikatwe kwa nusu kipenyo cha mita 3 hadi 5. Kona ya mita 12 au 15, iliyochorwa kwa ajili ya lori linalopita mara moja kwa siku, inamruhusu kila dereva wa gari dogo kukata bila kukanyaga breki, na inarefusha umbali wa kuvuka. Lori likija, na livuke mstari wa katikati taratibu. Hakuna atakayeumia.

Kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta bapa lenye alama za pundamilia juu, ndicho chombo tunachokiamini kuliko kibao chochote. Mjadala wa mwaka 2025 kuhusu faini za kielektroniki na kikomo cha kilomita 30 ulionyesha jinsi dereva anavyokereka akiambiwa aende polepole kwenye barabara pana iliyonyooka inayomwita akimbie. Tuta bapa halihitaji kamera. Kimo chake ni milimita 100, juu pawe bapa mita 4, rampu kila upande ya urefu wa mita 1 hadi 1.5. Kinachoharibika ni vipimo. Lami humwagwa kwa macho, tuta hufika milimita 150 na rampu ya nusu mita. Magari madogo hukwaruza tumbo, madereva huanza kupitia mtaroni, boda hupanda njia ya miguu kulikwepa, na siku moja utakuta limechimbwa usiku. Tengeneza kiolezo cha ubao chenye umbo kamili la tuta, kiwekwe juu ya lami ingali moto, pasipolingana pasawazishwe hapohapo. Lami ikishapoa hakuna anayerudi.

Halafu kuna maji. Kampala ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na kila mtu anajua mtaro mkuu wa Nakivubo unavyofanya ukifurika. Tuta bapa ni bwawa dogo, na ukingo uliosogezwa ni ukuta katikati ya mkondo. Mchoro usioonyesha maji yataingia wapi urudishwe. Upande wa juu wa tuta weka tundu la kupokea maji linaloingia moja kwa moja kwenye mtaro. Kwenye ukingo uliosogezwa, acha ule mfereji wa zamani wa sentimita 25 upite nyuma ya kipande kipya, ufunikwe kwa vibao vya zege vinavyonyanyuka kwa ajili ya kusafisha. Vifuniko vya chuma huibwa vikauzwe kama chuma chakavu. Tumia zege yenye nondo. Matundu ya kuingizia maji yasizidi milimita 13 kwa upana na yalale kukingama na mwelekeo wa watu, ili fimbo nyeupe na gurudumu visizame. Kumbuka pia kwamba njia nyingi za miguu zetu ni vibao vya juu ya mtaro. Lori likipanda kushusha saruji, kibao hupasuka, na anayepita usiku hulipa kwa mguu wake.

Ndiyo sababu upakuaji wa mizigo hauwezi kuachwa nje ya mchoro wa maegesho. Kikuubo na mitaa yake huishi kwa mzigo. Ukifuta maegesho yote bila kuacha pa kushushia, lori litasimama juu ya watu, na wapagazi watapita na marobota katikati ya magari. Acha nafasi ya mita 3 kwa 12 kila baada ya majengo kadhaa, iandikwe saa: alfajiri hadi asubuhi ni ya malori, mchana ni ya pikapu za dakika chache, jioni igeuke ya wachuuzi. Rampu ya mkokoteni wa mikono iwe hapohapo, la sivyo kila robota litaburutwa juu ya ukingo na mawe yake yatang'oka moja baada ya jingine.

Mageti yanahitaji neno, kwa kuwa ndiyo faida ya kanuni iliyolegezwa ambayo watu hawaioni. Jengo lisilodaiwa maegesho halihitaji geti la gari. Kila geti lililofutwa ni mahali pamoja pungufu ambapo gari linakata njia ya watu. Geti likibaki, njia ya miguu iendelee kwa usawa uleule, na gari ndilo lipande: mteremko wote ukae katika kile kipande cha tatu cha upande wa barabara, upana wa mita 3.5, siyo 8. Ugonjwa wa mitaa kama ya kitongoji cha Ntinda ni ukingo ulioteremshwa mbele yote ya duka ili magari yaingie kwa pua hadi mlangoni. Yakitoka, yanarudi kinyumenyume juu ya watu, dereva akitazama barabara na siyo njia ya miguu. Kanuni mpya ya maegesho ikiruhusu jengo lisiwe na nafasi za magari, papo hapo ikataze kugeuza uwanja wa mbele kuwa maegesho.

Nafasi za walemavu zisiguswe. Hizo hazipungui pamoja na nyingine. Zinasogezwa karibu na mlango, upana wa mita 3.6, na rampu pembeni.

Sera ya taifa ya usafiri usiotumia injini ilitoka mwaka 2012, na Namirembe Road na Luwum Street ndiko Kampala ilikoipa umbo la kuonekana. Miji mingine, kuanzia Jinja hadi Mbarara, haihitaji mradi wa ukubwa huo ili kuanza. Kama fedha ni kidogo, anza na makutano moja yenye shule au soko karibu. Simama hapo saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, uhesabu wangapi wanatembea kwenye lami ilhali njia ya miguu ipo, na uandike kando ya kila mmoja kilichomshusha: gari, boda, bidhaa, shimo, kimo cha ukingo. Orodha hiyo ndiyo ramani ya kazi. Kisha jaribu kwa vitu vya muda: madumu ya lita 200 yaliyojazwa mchanga na kupakwa rangi nyeupe yashike mahali pa ukingo mpya, na stegi ihamishwe kwa makubaliano. Yaache yapitie msimu wa mvua ili uone maji yanakotuama na lori linakokwama, uyasogeze inapobidi, urudie hesabu kwa saa zilezile. Zege imwagwe pale madumu yaliposimama mara ya mwisho, nguzo kwanza, tofali baadaye, rangi mwishoni kabisa, na rangi hiyo ipakwe upya kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa Februari.